Kizuri Chajiuza? Mgao wa Magari ya Kifahari na Neno Tunalolikwepa

Katika somo la msamiati tulipewa neno "mlanguzi" tukatakiwa kulitungia sentensi. Sentensi zilikuja haraka: mlanguzi wa sukari, mlanguzi wa mafuta ya taa, mlanguzi wa tiketi za mpira nje ya uwanja. Mimi niliandika: "Mlanguzi yule aliuza Ferrari." Darasa likacheka. Mhadhiri hakukosoa sarufi yangu. Aliuliza tu kama kweli Ferrari inaweza kulanguliwa. Siku ile sikuwa na jibu la kusimama nalo. Makala hii ndiyo jibu langu.

Ninasema hivi: jinsi magari ya spoti ya matoleo machache yanavyopangiwa bei na kugawiwa wanunuzi ni ulanguzi, tena ulanguzi kamili, ila umevishwa suti. Kinachouzwa pale si gari peke yake. Kinachouzwa ni nafasi katika orodha, na bei ya nafasi hiyo haiandikwi popote. Nakubali kwamba anayeumia hapo si maskini. Lakini utaratibu ni uleule ambao babu na bibi zetu waliujua vizuri, na lugha yetu ina jina lake. Sioni sababu ya jina hilo kubaki kwa muuza sukari na kumruka muuza Ferrari.

Nianze na jinsi biashara yenyewe inavyokwenda, kwa sababu wengi wetu tunaijua kupitia video za simu tu, ambako tunaonyeshwa injini na hatuonyeshwi karatasi. Kiwanda hutangaza kwamba gari fulani litatengenezwa kwa idadi maalumu, tuseme mia tano kwa dunia nzima. Wanaolitaka ni wengi zaidi ya hapo. Kila wakala hupata mgao: pengine magari matatu, pengine moja, pengine hakuna. Kiwanda hutaja bei, lakini bei hiyo ni ndogo kuliko ile ambayo watu wako tayari kulipa. Hapo linazaliwa pengo kati ya bei iliyotajwa na thamani ya kweli sokoni, na swali lote la biashara hii ni nani atakayelila pengo hilo.

Nchini Marekani, ambako ndiko soko kubwa la magari haya, wakala anaweza kulila mwenyewe mchana kweupe. Tangu mwaka 1958 sheria inataka kila gari jipya libandikwe kiooni karatasi yenye bei iliyopendekezwa na kiwanda. Neno la kuzingatia ni "iliyopendekezwa". Ni bei elekezi. Wakala ni mfanyabiashara anayejitegemea, na katika majimbo mengi sheria humzuia mtengenezaji kumpita wakala na kumwuzia mteja moja kwa moja. Kwa hiyo wakala hubandika karatasi ya pili kando ya ile ya kwanza, akaongeza dola elfu hamsini au laki moja, akaziita marekebisho ya soko. Hajaongeza hata skrubu moja. Amekaa tu mlangoni.

Njia ya pili ni ya siri zaidi, na hiyo ndiyo inayonikera. Hapa bei haiongezwi hata senti moja. Mteja huambiwa kwa upole kwamba gari hilo ni la wateja waaminifu. Uaminifu hupimwaje? Kwa idadi ya magari uliyokwisha kununua. Unataka toleo lile la mia tano? Basi nunua kwanza hili la kawaida. Baada ya miaka miwili nunua lile la viti vinne ambalo halina wateja wengi. Usiliuze mapema. Njoo kwenye hafla zetu. Tutaona. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa methali imepinduliwa: kizuri hakijiuzi, bali kinatumwa kukiuza kibaya. Hasara unayoipata kwenye magari matatu usiyoyataka ndiyo bei halisi ya lile moja unalolitaka, ila haionekani kwenye risiti yoyote.

Mfano mkubwa ni Ferrari, kwa sababu ndiyo iliyoufanya mchezo huu kuwa falsafa. F50, iliyotoka mwaka 1995, ilitengenezwa kwa idadi ya 349, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba soko lingeweza kuchukua 350. Gari moja pungufu, kwa makusudi. Mwaka 2013 ikaja LaFerrari, magari 499, kwa bei ya takriban dola milioni 1.4 kule Marekani. Hayakuwekwa dukani. Yaligawiwa kwa watu walioteuliwa, na sifa ya kwanza ya kuteuliwa ilikuwa kumiliki Ferrari nyingine kadhaa.

Kisha kiwanda chenyewe kikatuonyesha pengo lina ukubwa gani. Mwaka 2016, baada ya tetemeko la ardhi katikati ya Italia, Ferrari iliunda LaFerrari moja ya ziada, ya 500, ikaipeleka mnadani Marekani ili kusaidia ujenzi mpya. Iliuzwa dola milioni 7. Mwaka uliofuata LaFerrari Aperta moja, ile ya paa la wazi, ilipigwa mnada Maranello kwa euro milioni 8.3, na fedha zikaenda kwa shirika la Save the Children. Ninajua mtakachosema: minada ya hisani hupandisha bei, na gari la mwisho la toleo lina thamani ya pekee. Sawa. Kateni nusu. Bado tunabaki na dola milioni 3.5 dhidi ya milioni 1.4. Tena LaFerrari za kawaida zilizokwisha kutumika nazo zimeuzwa minadani kwa zaidi ya dola milioni 3. Maana yake ni kwamba kila aliyeteuliwa alikabidhiwa, pamoja na ufunguo, zawadi inayopita dola milioni moja. Mtu anayegawa zawadi mia nne na tisini na tisa za namna hiyo kwa vigezo anavyovijua mwenyewe hafanyi biashara ya magari tu. Anajenga utii.

Na utii huo huonekana pale mtu anaponyimwa. Mwaka 2016 tajiri mmoja mzee wa Florida, aliyekuwa amemiliki Ferrari nyingi kwa miaka mingi, alituma hundi ya dola milioni moja akitaka Aperta. Hundi ilirudishwa. Alikwenda mahakamani, na tazameni alichokilalamikia: hakulalamika tu kwamba amekosa gari, bali kwamba kuambiwa hana sifa za kulinunua kumemharibia jina. Baadaye aliiondoa kesi yake. Mimi simlilii, alikuwa na magari ya kumtosha. Lakini mtu mwenye fedha zote hizo akihisi aibu kwa sababu muuzaji amemkatalia, lazima tukiri kwamba anayemiliki orodha ana nguvu kuliko anayemiliki fedha.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja tatu, na nitazijibu moja baada ya nyingine, maana si hoja za kipuuzi.

Hoja ya kwanza ni kwamba uchache hulinda ubora. Gari linalotengenezwa kwa mikono haliwezi kutoka kama mandazi. Hili ni kweli kwa kiasi chake, na simnyimi fundi haki ya kutengeneza vitu vichache. Lakini tusichanganye uchache wa uwezo na uchache wa uamuzi. Mwaka 2013, chini ya Luca di Montezemolo, Ferrari iliamua kubaki chini ya magari 7,000 kwa mwaka, ikauza 6,922. Baada ya yeye kuondoka na kampuni kuingia soko la hisa la New York mwaka 2015, idadi ilipanda, na mwaka 2024 ilifikia 13,752, karibu mara mbili. Mikono ya mafundi haikuongezeka ghafla kwa muujiza. Waliamua kutengeneza mengi zaidi, wakatengeneza. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba gari halipo, swali sahihi ni: halipo, au limefanywa lisiwepo?

Hoja ya pili ni kwamba mgao kwa waaminifu huwazuia walanguzi. Yaani, wasipowachagua wanunuzi, magari yatachukuliwa na watu wa kununua leo na kuuza kesho. Hoja hii ina uzito, na historia inaipa ushahidi. Porsche 911 R ya mwaka 2016 ilitolewa kwa idadi ya 991, na wamiliki wa Porsche 918 Spyder ndio waliotangulizwa. Muda si muda nyingine zikawa zinatangazwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei yake. Lakini hebu someni ushahidi huo tena. Hao walioziuza hawakuwa wahuni wa mtaani. Walipita kwenye lile lile chujio la uaminifu. Chujio halikumzuia mlanguzi. Lilimchagua.

Ford walijaribu njia iliyokuwa na nafuu kidogo. Kwa Ford GT mpya walifungua maombi mwaka 2016, na watu 6,506 wakakamilisha fomu kwa ajili ya magari 500 ya mwanzo. Angalau fomu ilikuwa wazi kwa watu wote. Hata hivyo, ndani yake mwombaji aliulizwa kuhusu magari ya Ford aliyo nayo na kama ni mtu mwenye ushawishi kwa umma. Aliyefaulu alitia saini kwamba hataliuza gari kwa miaka miwili. John Cena, mwanamieleka na mwigizaji, alipewa lake mwaka 2017 akaliuza baada ya muda mfupi. Ford ikamshtaki mwezi Novemba mwaka huohuo, na mwaka 2018 wakapatana nje ya mahakama. Wengi walimcheka Cena. Mimi naona kesi ile ilisema zaidi kuhusu muuzaji. Ukiuza kitu kwa nusu ya thamani yake halafu ukamwekea mnunuzi polisi asikiuze, umekiri kwamba bei uliyoitaja haikuwa bei. Sharti la miaka miwili ni kufuli la mlango ambao mwenye nyumba mwenyewe aliuacha wazi.

Hoja ya tatu husemwa na viwanda: sisi hatuna uwezo juu ya wakala, sheria inatufunga. Hapa sina subira. Dodge ilipotoa Challenger SRT Demon ya mwaka 2018, magari 3,300 kwa bei ya dola 84,995, ilitangaza kwamba oda za wateja waliouziwa kwa bei elekezi au chini yake zitatangulia kiwandani, na za waliotozwa zaidi zitasubiri nyuma. Haikuvunja sheria yoyote. Ilitumia kitu kimoja tu ambacho kiwanda hakinyang'anywi, yaani foleni ya uzalishaji. Kwa hiyo uwezo upo. Wanaosema hawana uwezo wanakosa nia, kwa sababu wakala mwenye faida nono ni wakala asiyelalamika akiletewa magari asiyoyataka.

Tena mchezo huu haumalizikii vizuri hata kwa wanaoucheza. Jaguar XJ220 iweke fundisho. Mwaka 1988 ilionyeshwa kwenye maonyesho ya magari Birmingham, na watu wapatao 1,500 wakataka nafasi katika magari 350, kila aliyekubaliwa akiweka amana ya pauni 50,000. Wengi hawakutaka kuliendesha. Walitaka kuiuza nafasi. Kisha uchumi wa Uingereza ukaanguka. Gari lilipotoka mwaka 1992 lilikuwa na injini ndogo kuliko ile iliyoahidiwa, na bei ilikuwa imepanda kupita pauni 400,000. Walanguzi waliokuwa wakisukumana kuingia wakaanza kusukumana kutoka, wengine hadi mahakamani. Magari yaliyotengenezwa hayakufika hata 300. Palipokuwa na foleni pakabaki wanasheria.

Sasa nije kwenye swali ambalo najua wenzangu mnalo tangu ukurasa wa kwanza: sisi yanatuhusu nini? Mwanafunzi wa Kampala anayepanda bodaboda kwenda chuoni ana kesi gani na watu wa Maranello?

Kesi yangu ni ya lugha kwanza. Nchi yangu Uganda ilipata kuishi ndani ya mgao. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na maduka yao yakagawiwa kwa watu waliochaguliwa na wenye mamlaka. Bidhaa zikaadimika. Sukari, chumvi na sabuni zilikuwa na bei rasmi ya serikali, lakini kwa bei hiyo alizipata mwenye kikaratasi cha mgao tu. Mwenye kikaratasi alinunua kwa bei rasmi akauza kwa bei ya magendo, na kati ya bei hizo mbili akajenga nyumba. Watu wakawapa matajiri hao jina la "mafuta mingi". Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunajua upatanisho sahihi ni mafuta mengi, lakini jina lilikwenda hivyohivyo, na kila mzee wa Uganda analielewa hadi leo. Mwaka 1975 utawala ule uliunda mahakama maalumu ya makosa ya uchumi, ambako ulanguzi uliweza kumgharimu mtu maisha yake. Na kwa jirani zetu wa Tanzania, kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi bado inakumbukwa.

Sisemi kwamba kukosa sukari na kukosa LaFerrari ni msiba mmoja. Nitakuwa sina adabu mbele ya bibi yangu. Ninachosema ni kwamba mtambo ni mmoja: bei rasmi iliyo chini ya thamani, kikaratasi mikononi mwa wachache, na mtu mlangoni anayeamua nani apate. Mtambo huo ulipoendeshwa kwa sukari tuliuita magendo na ulanguzi, na watu wakafungwa. Unapoendeshwa kwa magari ya mamilioni ya dola unaitwa uhusiano mwema na wateja. Tukikubali tofauti hiyo ya majina tumekubali kwamba maneno makali ya lugha yetu yametungwa kwa ajili ya maskini tu.

Kesi yangu ya pili ni kwamba mtambo huu haukai juu milele, hushuka. Land Cruiser 300 si gari la mbio wala si toleo la mia tano. Lakini ilipotoka mwaka 2021, wanunuzi nchini Japani walitakiwa kutia saini kwamba hawataliuza kwa mwaka mmoja, kwa sababu mahitaji ya ng'ambo yalikuwa makubwa na Toyota ilihofia magari hayo yangesafirishwa nje na kuangukia mikono isiyofaa. Toyota ilikuwa na sababu zake, na nyingine zina maana. Hata hivyo, sharti lililobuniwa kwa magari ya matajiri limekwisha kufika kwenye gari ambalo huku kwetu hubeba wagonjwa na walimu. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika. Likiwekwa kufuli kule, bei hupanda huku.

Nini kifanyike? Sitaki serikali yoyote ipange bei ya Ferrari. Tumekwisha kuona bei rasmi zinavyozaa magendo. Ninataka ukweli. Kiwanda kinachotengeneza magari machache kina njia tatu za haki, na kichague moja. Kiuze kwa mnada, kama kilivyofanya chenyewe mwaka 2016 na 2017, na pengo lote liingie mfukoni mwake waziwazi. Au kitaje bei ya kweli tangu mwanzo, hata iwe dola milioni tatu, na anayeweza alipe. Au, kikitaka bei ibaki chini kwa ajili ya mapenzi ya gari, kipige kura hadharani miongoni mwa wote walioomba. Na kama hakitaki hata moja katika hizo, basi kichapishe vigezo vyake: magari mangapi, ya aina gani, kwa miaka mingapi, ndipo mtu apewe. Kikiona aibu kuvichapisha, tutakuwa tumepata jibu.

Najua hakuna wakala atakayeisoma makala hii. Mtaisoma ninyi, ambao kesho mtakuwa walimu, wafasiri na watunzi wa kamusi. Mtakapofika kwenye neno "mlanguzi", msiishie kwenye sukari na mafuta ya taa. Mhadhiri aliuliza kama Ferrari inaweza kulanguliwa. Inaweza, na inalanguliwa kila mwaka. Naomba sentensi yangu irudishiwe alama zake.